Nilitia saini ya kipasha maji cha "bure" bila mume wangu kujua

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Naishi Melbourne, upande wa magharibi. Tuko sita nyumbani: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe, ambaye alitufuata kutoka Kigoma miaka miwili iliyopita. Nyumba ni yetu, tunalipa mkopo wa benki. Mimi nafanya kazi kwenye makao ya wazee, mume wangu anaendesha lori na siku tatu kwa wiki analala njiani.

Kipasha maji chetu ni cha gesi, tangi la lita 170. Kimesimama nje, chini ya dirisha la chumba cha mama mkwe, kwenye kijia chembamba kati ya ukuta na uzio. Kibandiko chake kinaonyesha kilitengenezwa mwaka 2011. Tangu mwezi uliopita saruji chini yake haikauki. Maji bado ni ya moto, ila kila asubuhi naangalia pale kwanza kabla ya kuwasha jiko, nikihofia siku moja litapasuka.

Mume wangu anataka tufunge kingine cha gesi kama kilekile. Ana fundi anayemfahamu ambaye amesema dola 1,900 taslimu, siku moja kazi imekwisha. Nilipomtajia kwamba serikali inatoa punguzo kwa watu wanaohamia kwenye pampu ya joto, yaani kipasha maji cha umeme kinachovuta joto kutoka hewani, alisema, "Serikali haikupi kwa mkono wa kulia isipokuchukulia kwa wa kushoto." Anaamini tukijaza fomu tutaandikwa kama wadaiwa, na kwamba taarifa za mapato yetu zitapelekwa Centrelink, ofisi ya serikali inayolipa posho, ili posho ya watoto ikatwe. Sikubishana naye sana, maana alikuwa amechoka.

Sasa ndipo nilipokosea. Kuna kijana tunasali naye, namhesabu kama mdogo wangu, anafanya kazi na kampuni ya vipasha maji. Aliniambia naweza kupata pampu ya joto ya lita 200 bila kulipa hata senti, na kwamba bili ya gesi nitaisahau kabisa. Nikampa namba yangu. Kesho yake mwanamke alinipigia simu, na Jumatano wanaume wawili wakaja mlangoni mume wangu akiwa safarini. Walipiga picha ya kipasha cha zamani, wakanipa kishikwambi, wakaniambia nitie saini kwa kidole "ili tukuwekee nafasi". Nikatia. Hawakuniachia karatasi yoyote. Mume wangu hajui mpaka leo.

Baada ya hapo moyo ulinienda mbio, nikatafuta mwenyewe kampuni iliyo kwenye orodha ya Solar Victoria, wakala wa serikali ya jimbo letu la Victoria. Walinipa kotesheni ya pampu ya joto ya lita 270: bei dola 4,700, toa 800 za vyeti vya serikali kuu, toa 600 za vyeti vya jimbo, toa 1,000 za Solar Victoria, inabaki 2,300. Sina 2,300. Nilicho nacho ni zamu yangu ya mchezo (upatu), dola 2,500, ambayo inaangukia mwisho wa mwezi ujao. Na pesa hiyo nimeshamwahidi mama yangu kwa ajili ya mabati, kwa sababu paa lake halitavuka masika nyingine.

Nikikataa ile ya bure nitamvunjia heshima kijana wa watu, naye hupata kamisheni. Nikikubali, mume wangu atajua nilifanya siri. Nikichukua ya 2,300 namnyima mama. Nikimwachia mume wangu afunge ya gesi, naona kama tunatupa pesa ambayo majirani wote wameipokea. Nifanye nini? Na je, ni kweli hilo punguzo ni deni?

Mama wa Watatu

JIBU

Dada yangu Mama wa Watatu,

Asante kwa kuandika kwa ukamilifu namna hii. Umetaja lita, mwaka wa kifaa na hesabu ya kotesheni hadi mwisho, na hilo linanirahisishia kukujibu kwa vitu vinavyoshikika.

Nikikusoma naona mambo matatu yamefungwa katika furushi moja: tangi linalovuja, saini uliyoitoa peke yako, na ahadi ya mabati. Kila moja lina muda wake. Linalokukimbiza ni la tangi, na kwa sababu linakukimbiza, yale mengine mawili yanaonekana ya dharura pia. Kwa hiyo naomba tuanze na swali ambalo hakuna kati ya hao watu wote aliyekuuliza: maji yanatoka wapi hasa?

Nenda nje mchana ukalitazame tangi. Upande wa juu wa tangi utaona valvu ndogo yenye kijiti cha kuinua, na kutoka hapo bomba la shaba linateremka hadi karibu na ardhi. Hiyo ni valvu ya usalama, ya kutoa presha na joto. Maji yakipashwa hutanuka, na ni kawaida kwa bomba hilo kudondosha kidogo wakati wa kupasha. Weka ndoo chini ya mdomo wa bomba hilo usiku, kisha weka kadibodi kavu chini ya tangi lenyewe. Asubuhi ndoo ikiwa na maji na kadibodi ikiwa kavu, huenda valvu imechoka au presha ya maji ya mtaani ni kubwa, na fundi bomba hubadilisha valvu hiyo kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kipasha kipya. Zinafaa kubadilishwa kila baada ya miaka 5 hivi, na ya kwenu pengine haijawahi kuguswa tangu 2011. Lakini kadibodi ikilowa, au ukiona maji yenye rangi ya kutu yanachuruzika kwenye mshono wa chini, tangi limeoza kwa ndani. Hilo halizibwi. Linaweza kukaa wiki kadhaa au lisimalize wiki.

Nakueleza haya kwanza kwa sababu jibu la ndoo linabadilisha kila kitu kinachofuata. Ikiwa ni valvu, una miezi, wala huna haja ya kuamua kwa hofu. Ikiwa ni tangi, ulizia mafundi kama wana kipasha cha muda: baadhi yao hufunga kifaa cha kuazima wakati mteja anasubiri idhini ya punguzo. Usisubiri lipasuke ndipo uulize.

Sasa saini. Dada, hukufanya kosa la jinai. Ulikuwa na wanaume wawili mlangoni, mtu wa kanisani ameshakutangulia kwa maneno mazuri, na tangi linavuja. Wengi wangetia kidole. Lakini ujue yafuatayo. Chini ya mpango wa jimbo unaoitwa Victorian Energy Upgrades, kupigia watu simu za kutafuta wateja na kubisha hodi milangoni kumepigwa marufuku tangu mwaka 2024. Kumpa kijana namba yako pengine hakuhesabiwi kwamba uliwaalika waje kukuuzia. Na kwa sheria ya walaji ya Australia, mkataba unaofanywa kwa njia hiyo unaweza kuuvunja ndani ya siku 10 za kazi bila kueleza sababu na bila faini. Siku hizo huanza kuhesabiwa siku ya kazi inayofuata baada ya kukubaliana. Kama hawakukuachia nakala wala kukueleza haki hiyo, kama unavyosema, muda unaweza kurefuka hadi miezi kadhaa. Ukiamua kuvunja, fanya kwa maandishi: ujumbe mfupi au barua pepe yenye jina lako, anwani, tarehe ya saini na sentensi moja kwamba unasitisha mkataba. Hifadhi picha ya ujumbe huo. Wakikusumbua, ofisi ya kwenda ni Consumer Affairs Victoria, ofisi ya jimbo ya kulinda walaji, na ukipiga 131 450 utaunganishwa na mkalimani wa Kiswahili.

Inawezekana pia kwamba ulichotia saini ni ile fomu ya kukabidhi vyeti. Niieleze, kwa sababu ndiyo roho ya neno "bure". Kifaa kinachookoa nishati kikifungwa, huzaliwa vyeti: vya serikali kuu, na vingine vya jimbo. Vyeti hivyo vina bei sokoni. Mwenye nyumba humkabidhi mwenye kampuni haki ya kuvitoa, na kampuni inampunguzia bei. Ndiyo zile dola 800 na 600 kwenye kotesheni yako. Mwenye kampuni anayekuambia "bure" anatafuta kifaa cha bei ya chini kiasi kwamba vyeti peke yake vinalipia kifaa, fundi, na kamisheni ya kijana wetu. Isitoshe, mpango wa jimbo una kiasi cha chini ambacho mwenye nyumba hutakiwa kuchangia mwenyewe kwa vipasha maji, kwa hiyo ukiambiwa hata senti hulipi, omba waonyeshe hesabu hiyo kwa maandishi. Haimaanishi kila kifaa cha bei nafuu ni kibovu. Inamaanisha swali la kuuliza ni "mmeondoa nini hadi ikawa bure?"

Kwa nyumba yenu, cha kwanza kilichoondolewa nakiona tayari: lita. Najua utasema tangi la sasa ni lita 170 na linawatosha, iweje 200 isitoshe? Hapa ndipo watu wengi huumia. Mtu akioga dakika 8 kwa shawa inayotoa lita 9 kwa dakika, anatumia lita 72 za maji ya vuguvugu. Tangi likiwa na nyuzi 60 na maji ya baridi yakiwa nyuzi 15, karibu lita 40 kati ya hizo zinatoka kwenye tangi. Watu sita ni lita 240. Tangi la gesi la lita 170 huweza, kwa kuwa moto wake ni mkali na hupasha upya haraka huku mkiendelea kuoga. Pampu ya joto inapasha polepole. Yenye uwezo wa kutoa kilowati 3 za joto itapandisha lita 57 hivi kwa saa. Kwa hiyo tangi la 200, mkioga wote kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, mtu wa mwisho huenda akaanza kusikia baridi, na kwa kawaida mtu wa mwisho huwa ni wewe. Ndiyo maana kampuni ya pili iliandika 270. Hawakukupandishia bei bure.

Cha pili ni mahali. Pampu ya joto ina feni na kompresa, kama kile kisanduku cha nje cha kiyoyozi. Ikisimama pale lilipo tangi la sasa, mama mkwe atalala akiisikia mlio wake usiku wa baridi. Kijia chembamba nacho ni tatizo: hewa baridi inayotoka ikigonga uzio na kurudi ndani ya mashine, kazi yake inashuka na umeme unapanda. Uliza kampuni yoyote utakayoichagua itaiweka wapi, itaachwa nafasi kiasi gani, na maji yanayochuruzika kutoka kwenye mashine yatakwenda wapi. Pale pale uliza kama bei ni pamoja na msingi wa zege, sakiti ya umeme, kuziba bomba la gesi, kubeba tangi la zamani, na valvu ya kuchanganya inayozuia maji ya bafuni kuzidi nyuzi 50. Hiyo ya mwisho isikose, kwa ajili ya watoto na bibi yao. Kipasha cha gesi hakikuwa na haja kubwa ya umeme, kwa hiyo fundi umeme ni gharama mpya, na ndiyo inayosahaulika kwenye kotesheni mpaka siku ya kazi.

Kijana alisema bili ya gesi utaisahau. Hukunieleza kama mnapika kwa gesi au mnapasha nyumba kwa gesi, lakini nyumba nyingi upande wenu zina vyote viwili. Ikiwa ndivyo, ada ya kila siku ya gesi itabaki mpaka kifaa cha mwisho cha gesi kitakapoondoka. Akiba ipo, ila ni ya kiasi. Chukua bili zenu mbili, nikuonyeshe kwa mfano. Lita 250 za maji moto kwa siku zinahitaji karibu kilowati-saa 13 za joto. Tangi la zamani la gesi hupoteza mengi hewani, kwa hiyo litachoma megajuli 70 hivi. Kwa senti 4 kila megajuli, ni dola 2.80 kwa siku. Pampu ya joto huvuta joto kutoka hewani, ikitumia umeme theluthi moja hivi: kilowati-saa 4.4, na kwa senti 30 ni dola 1.30. Tofauti ni dola 1.50 kwa siku, takriban 550 kwa mwaka. Weka bei zilizo kwenye bili yenu badala ya zangu. Na kama umeme wenu hubadilika bei kwa saa, angalia saa za bei ya juu, kwa kawaida saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku, mashine ipangiwe kufanya kazi mchana kabla ya hapo. Mtu akikushauri upunguze joto la tangi ili kuokoa umeme, usikubali: maji yanayohifadhiwa yanatakiwa kufikia nyuzi 60 ili kuua bakteria wa legionela.

Mume wako sasa. Naomba usimwone kama mtu anayepinga maendeleo. Anachosema kina mantiki kwa mtu aliyeona fomu nyingi zikimrudia vibaya. Ila kuna vitu viwili anavyoweza kuvithibitisha mwenyewe. Punguzo la Solar Victoria si mkopo. Pesa haiingii kwenye akaunti yenu wala haidaiwi baadaye. Kampuni inaipokea, na ankara yenu inakuja ikiwa imepungua. Ni nusu ya bei, isiyozidi dola 1,000, au 1,400 kwa vifaa vinavyostahili vilivyotengenezwa nchini. Wanaomba hati ya makadirio ya kodi ili kuhakikisha kipato chenu cha pamoja kinachotozwa kodi kiko chini ya dola 210,000 kwa mwaka, nyumba haizidi thamani ya milioni 3, mnaishi ndani yake, na kipasha cha zamani kina umri wa miaka 3 au zaidi. Cha kwenu kimepita hapo kwa mbali. Kuhusu posho ya watoto, yeye mwenyewe apige simu Centrelink na mkalimani, aulize kama punguzo la bei ya kifaa huhesabiwa kuwa mapato. Asikie kwa sikio lake. Jibu likitoka kwako atalisikia kama kwamba unamshawishi.

Utaratibu una mpangilio ambao ukivurugika pesa inapotea. Kampuni iliyoidhinishwa inapakia kotesheni, ninyi mnaomba na kuthibitisha utambulisho, mnapata idhini pamoja na msimbo wa kuskani, na ndipo fundi anakuja kufunga na kuuskani siku hiyo. Kikifungwa kabla ya idhini, hakuna punguzo. Vilevile, kile cha "bure" kikifungwa wiki ijayo, mlango wa Solar Victoria unafungwa, kwa sababu kifaa chenu kitakuwa kipya. Kila njia ya haraka hapa inafunga njia nyingine nyuma yake, na ni vizuri mjue kabla.

Wala njia ya mume wako si ya kudharau. Gesi kwa dola 1,900 bado inaruhusiwa leo. Kuanzia tarehe 1 Machi 2027 ndipo kipasha cha gesi kitakachofika mwisho wake Victoria kitatakiwa kubadilishwa kwa cha umeme, isipokuwa kwa misamaha maalumu. Anayefunga cha gesi sasa anapata maji moto kesho yake, tangi dogo linatosha familia kubwa, na hakuna feni dirishani. Hatari yake ni kubaki na gharama ya kila siku iliyo juu kwa miaka 10 au zaidi, na kubadilisha siku moja wakati pengine mapunguzo yamepungua. Vyeti vya serikali kuu vinapungua kila mwaka na mpango wake unaishia 2030. Lakini neno "taslimu" limenishtua zaidi kuliko neno "gesi". Kazi ya gesi lazima ifanywe na fundi mwenye leseni, na lazima atoe cheti cha kukidhi kanuni. Cheti hicho ndicho kinachobeba bima ya kazi kwa miaka 6. Fundi akiogopa karatasi, jiulize kwa nini. Mwambie mume wako amwombe namba ya leseni, ni ombi la kawaida na fundi mzuri hachukii.

Ile ya 2,300 nayo ina maswali yake. Waranti ya tangi na waranti ya kompresa mara nyingi si sawa; usome zote mbili, na uulize ni nani atakuja kuitengeneza ikizima usiku wa Julai kwenye baridi. Uliza kama kampuni inakubali malipo kwa awamu, na uisome riba kwa makini, maana mkopo wa duka unaweza kula akiba yote ya miaka miwili. Uliza kotesheni inadumu mpaka lini. Zamu yako ya mchezo iko mwisho wa mwezi ujao. Ikiwa ndoo itasema ni valvu, hesabu ya siku inabadilika kabisa, na mnaweza kupanga kuweka pesa kidogo kidogo kutoka mishahara miwili badala ya kuitazama zamu peke yake.

Hapo ndipo nataka nikuulize kitu, kwa upole. Katika barua yote, gharama ya maji ya nyumba nzima umeibeba wewe, kutoka kwenye mchezo wako, wakati dola 1,900 za gesi zinatoka mahali ambapo hukupataja. Je, pesa hiyo ya mume wako haiwezi kuwekwa kwenye pampu ya joto, ibaki tofauti ya dola 400? Inawezekana kuna sababu siijui. Lakini sidhani kama mmewahi kuziweka karatasi zote tatu mezani pamoja, kwa sababu moja kati yake imefichwa.

Kumwambia kuhusu saini kutakuwa kugumu kwa dakika kumi. Usianze nayo akiwa ametoka safari usiku. Ukisubiri agundue siku mafundi watakapokuja na mashine, ugumu huo utakuwa wa miezi. Unaweza kuanza na ndoo: "Baba, nimepima maji, njoo uone." Kisha mwonyeshe kotesheni, kisha useme, "Na kuna kitu nilitia saini Jumatano, nilikuwa na wasiwasi, bado kinaweza kufutwa." Atakasirika, huenda. Lakini atakuwa na kitu cha kufanya na hasira yake, yaani kuandika ule ujumbe pamoja nawe.

Kijana wa kanisani usimwone adui wala usimbebee kamisheni yake. Mwambie ana kwa ana, kwa heshima mliyozoeana: tangi ni dogo kwa watu sita, na mume wako hajaridhia. Hayo yote mawili ni kweli. Pengine naye hajaelezwa kwamba wenzake hawakutakiwa kubisha hodi, na ni vizuri ajue, kwa sababu jina lake ndilo linalotajwa kanisani siku mashine za watu zikianza kugoma.

Kuhusu mama, mpigie kabla hujaamua lolote. Muulize ni mabati mangapi yanayovuja na upande gani wa nyumba, na kama fundi wa kule anaweza kuanza na chumba anacholala. Muulize masika anaiogopa kuanzia mwezi gani. Huenda akakuambia inahitajika yote, sasa. Huenda akakuambia nusu inatosha mpaka zamu nyingine. Mpaka sasa umemwamulia bila kumuuliza, kwa mapenzi, ila bila kumuuliza.

Weka ndoo leo jioni, na ukipata jibu lake niandikie.

Wako,
Mshauri